Mashine Haina Shangazi

Watu wakisikia kwamba natengeneza programu za kompyuta hudhani siku yangu yote ni hesabu. Hesabu ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya siku yangu ni neno moja fupi: kama. Kama mteja amelipa, mpe risiti. Kama hajalipa, mkumbushe. Kama amekumbushwa mara tatu na bado yuko kimya, basi... Hapo kwenye nukta tatu ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu lazima mtu aamue kitakachofuata. Na mara nyingi mtu huyo ni mimi, peke yangu, saa tano usiku, chai imeshapoa.

Nafanya kazi kivyangu hapa Nakuru, katika mtaa unaoitwa London. (Usicheke. Nasi tuna London yetu, ila yetu haina mfalme.) Sina bosi, sina ofisi, sina kikao cha Jumatatu asubuhi. Wateja wangu ni watu wa kawaida: duka la dawa za mifugo, shule ya chekechea, kanisa, mwenye matatu mbili, vyama vya akina mama. Kwenye kampuni kubwa uamuzi hupita mikono mingi, na kila mkono hubeba kipande chake cha lawama. Kwangu hakuna mkono mwingine. Nikiandika kwamba aliyechelewa atozwe, atatozwa, na hakuna mtu aliyekaa katikati yangu na yeye.

Ndiyo maana kwa muda sasa nimekuwa na swali ambalo halinitoki. Je, ni haki kuandika sheria isiyoweza kusamehe? Siulizi kuhusu sheria kali. Sheria kali zimekuwepo tangu zamani na nyingine zina faida zake. Nauliza kuhusu sheria ambayo ndani yake hakuna mtu, hata mmoja, anayeweza kusema, "Wewe, leo, pita."

Swali hili lilinijia kutoka kwa daftari.

Kuna chama cha akina mama wanaouza mboga na nafaka sokoni walioniita niwatengenezee programu ya michango. Wako 32. Kila Jumatano kila mmoja anatoa Sh 500 kabla ya saa kumi na mbili jioni, na fedha zinakwenda kwa aliyefikiwa na zamu. Ukichelewa, faini ni Sh 50. Sheria ni hiyo tu. Ungedhani ni kazi ya siku moja.

Lakini mimi huwa siamini sheria nikiambiwa kwa mdomo. Huomba kuona daftari. Daftari husema watu wanafanya nini hasa. Mdomo husema wanachotamani wangekuwa wanafanya. Mweka hazina, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanipa madaftari manne yenye jalada gumu. Nikayasoma usiku ule ukurasa kwa ukurasa, na karibu kila ukurasa nikakuta kitu kimoja: kando ya baadhi ya majina ya waliochelewa kulikuwa na nukta ndogo ya penseli, na pale pa faini hapakuwa na kitu. Kila kitu kingine kilikuwa kwa kalamu ya wino. Nukta peke yake ndiyo ilikuwa ya penseli.

Kesho yake nikamuuliza. "Mama, hii nukta ni ya nini?"

Akaiangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini ana pua. "Hiyo ni kwamba tumeelewa."

"Mmeelewa nini?"

"Tumeelewa tu."

Basi nikakaa naye, akanieleza nukta moja moja. Huyu kibanda chake kiliungua. Huyu alikuwa amelaza mtoto hospitali. Huyu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo na nyanya zikaoza. Zilikuwa nukta nzuri, za kumfanya mtu aheshimu penseli. Kisha tukafika kwa jina moja lililokuwa na nukta nyingi kuliko mengine yote, na mama akanyamaza. Katibu, ambaye alikuwa akipima maharagwe pale kando na masikio yake yakiwa kwetu, ndiye aliyesema: "Huyo ni wifi ya mwenyekiti."

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Nukta ya huruma na nukta ya upendeleo zilikuwa nukta ileile, penseli ileile, mkono uleule. Kwenye karatasi huwezi kuzitofautisha.

Katibu alikuwa na dawa yake tayari. Yeye ndiye aliyesukuma chama kitafute programu, na alinieleza sababu bila kuzunguka. "Kijana wangu, sisi tunataka mashine kwa sababu mashine haina shangazi. Haina wifi. Haina jirani. Saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili."

Ningependa msomaji asiyapite maneno hayo haraka, kwa sababu ni rahisi kwa mwandishi wa insha kama hii kumfanya katibu aonekane mtu wa roho ngumu. Sivyo alivyo. Ni mtu aliyechoka kulipa faini zake zote huku akimwona mwingine hatozwi. Sote tumepanga foleni mahali fulani tukaona mtu akipitishwa mlango wa nyuma kwa sababu ya jina lake la mwisho. Sote tunajua ile "nani amekutuma?" ya ofisini. Katika nchi ambayo mara nyingi kupata haki yako kunategemea unamjua nani, sheria isiyomjua mtu yeyote ni aina ya ukombozi. Mnyonge hana shangazi ofisini. Kwa hivyo ile mashine isiyo na shangazi inamfaa yeye kuliko inavyomfaa mkubwa. Hilo ni kweli, na mtu yeyote anayezungumza kuhusu huruma bila kulikubali kwanza anazungumza kwa tumbo lililoshiba.

Waswahili walishasema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katibu alitaka msumeno ukate pande zote mbili, hadi kwa wifi.

Lakini hebu tuangalie huo msumeno wa mashine unaonaje. Mashine huona kile tu ilichoambiwa. Chukua neno "amechelewa". Mama mmoja anatuma pesa kwa simu saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Mtandao umelemewa, ujumbe wa malipo unaifikia programu saa kumi na mbili na dakika tatu. Amechelewa? Mweka hazina angesema hapana, angalia simu yake. Programu itasema ndiyo, isipokuwa mimi nimeamua mapema kwamba isome saa ya kutuma na siyo saa ya kupokea. Na kwa kawaida hakuna anayeniuliza. Ni mimi na chai yangu.

Hata neno "leo" si rahisi unavyodhani. Seva nyingi duniani huhesabu kwa saa inayoitwa UTC, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Seva ikitangaza kwamba siku mpya imeanza, hapa Nakuru ni saa tisa usiku. Kwa utaratibu wa serikali siku mpya ilianza saa sita usiku. Na kwa Mswahili wa pwani ilianza jana jua lilipozama, ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Zote tatu ni "leo". Ukiambiwa mashine haina upande, jua kwamba kuna mtu aliyeichagulia upande kabla hujafika, na huenda alichagua akisinzia.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kabla ya stima wala seva. Katika kitabu chake cha maadili anaeleza kwamba sheria lazima izungumze kwa ujumla, na maisha hayaji kwa ujumla. Huja moja moja. Kwa hivyo hata sheria nzuri, iliyoandikwa na mtu mwema, itafika mahali ambapo ikifuatwa neno kwa neno itadhulumu. Hapo panahitajika mtu wa kuirekebisha jinsi mtunga sheria mwenyewe angefanya kama angekuwepo. Akatoa mfano wa mafundi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia rula ya madini ya risasi. Risasi hupinda. Rula ile ililifuata jiwe lilivyo, badala ya kulilazimisha jiwe liwe kama rula.

Fundi yeyote wa Kenya atakuelewa ukimsimulia hivyo. Mawe yaliyokatwa kwa mashine huja sawasawa, na kamba iliyonyooka inatosha. Mawe ya kuchongwa kwa mkono kila moja lina tabia yake, na fundi lazima aligeuze, aliangalie, alitafutie mwenzake. Ukitaka kujenga kwa kamba tu bila jicho, basi uhakikishe mawe yako yote yanafanana. Na watu hawafanani.

"Sawa," utaniambia, "si uiandikie mashine huruma hiyo?" Nilijaribu. Nilichukua karatasi nikaandika kanuni za kusamehe. Ya kwanza: ongeza siku mbili za subira. Lakini ukiongeza siku mbili, siku ya mwisho inakuwa Ijumaa, na atakayechelewa Ijumaa kwa dakika tatu yuko palepale alipokuwa yule wa Jumatano. Umesogeza ukuta tu. Ya pili: weka orodha ya sababu zinazokubalika. Hospitali. Msiba. Moto. Mvua. Mwezi wa kwanza orodha itafanya kazi. Mwezi wa tatu soko zima litakuwa limelazwa hospitali. Na bado kutakuwa na yule ambaye sababu yake haimo kwenye orodha, yule ambaye mwanawe mwenyewe amemwibia pesa za mtaji na hawezi kulitamka hilo mbele ya mtu.

Hapo nikaelewa kitu ambacho pengine wazee wa kijiji wangeniambia bure: huruma si sheria iliyopanuliwa. Sheria ukiipanua inabaki sheria, yenye mpaka wake mahali pengine. Huruma ni mtu kumwangalia mtu. Siwezi kuiandika kwa sababu haikai ndani ya maandishi. Ninachoweza ni kuiachia nafasi, au kuifungia mlango.

Utauliza pia kama si makuu haya yote kwa ajili ya Sh 50. Labda. Kwa mama anayeuza sukuma wiki Sh 50 si pesa ya kuchezea, lakini wacha tuseme ni kidogo. Tatizo ni kwamba sentensi ninayoiandika kwa watu 32 ni ileile anayoiandika mwingine kwa watu milioni 3. Kompyuta haioni tofauti. Mistari ni michache vilevile.

Sisi Wakenya tumeshayaona haya. Programu za mikopo ya simu zilipoenea, sheria zake zilikuwa ndani ya mistari kama yangu. Mtu aliweza kuorodheshwa kwenye kumbukumbu za wadaiwa sugu, zile za CRB, kwa deni la mia kadhaa, kwa kuwa hakuna mtu aliyeiambia kompyuta kwamba shilingi 200 si sababu ya kumfungia mtu milango ya benki. Ilibidi Benki Kuu ya Kenya iseme, Aprili 2020, kwamba deni lisilofika Sh 1,000 lisipelekwe huko. Programu nyingine zilifungua orodha ya majina kwenye simu ya mdaiwa, na akichelewa, shemeji yake, mwalimu wake na bosi wake wakapigiwa simu. Kanuni za 2022 zikalikataza hilo. Lakini kabla ya kanuni kulikuwa na mtu, kijana au msichana kama mimi, aliyekaa akaandika mstari wa kusoma majina ya jamaa za watu. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nadhani aliletewa kazi, akaifanya, akalala.

Na ikiwa unadhani hayo ni ya kwetu tu, angalia Uingereza, kule kwenye London ile nyingine. Shirika la posta la huko lilianza kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon mwaka 1999, uliotengenezwa na kampuni iliyokuwa ikimilikiwa na Fujitsu. Mfumo ulikuwa na hitilafu. Ulionyesha kwamba pesa zimepungua kwenye posta ndogo za mitaani wakati hazikupungua. Zaidi ya watu 900 waliosimamia posta hizo walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na udanganyifu wa hesabu kati ya 1999 na 2015. Wengine walifungwa jela. Wengine walilipa kutoka mfukoni pesa ambazo hazikuwahi kupotea. Baadhi walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Mahakama Kuu ya huko ilithibitisha hitilafu hizo Desemba 2019, na ilibidi Bunge litunge sheria, Mei 2024, kufuta mamia ya hukumu kwa mara moja.

Kinachonishtua kwenye kisa hicho sio hitilafu. Programu zote zina hitilafu, zangu zikiwemo, na atakayekuambia zake hazina ana kitu anakuuzia. Kinachonishtua ni kwamba sheria ya nchi ilichukulia kuwa kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtu wa posta ndogo angeithibitishaje? Alipiga simu ya msaada, akaambiwa mfumo unaonyesha hivyo. Kila mtu aliyemfikia alikuwa akimsomea yaleyale yaliyoandikwa kwenye kioo.

Maneno hayo tunayajua. Nenda kwenye kaunta yoyote hapa nchini na utayasikia: "Sistimu imekataa." Hebu isikilize hiyo sentensi. Nani amekataa? Sistimu. Yule dada wa kaunta hajakataa, anakuonea huruma kabisa, ameinua mabega. Meneja hajakataa. Aliyeandika programu hayupo, na hata angekuwepo angesema alifanya alivyoambiwa. Mtu amenyimwa, na hakuna aliyemnyima. Zamani hata dhalimu alikuwa na uso. Ungeweza kumchukia, kumwomba, kumpigia magoti, kumwendea kwa baba yake, kumtungia wimbo wa matusi. Sistimu huwezi kuitungia wimbo.

Nikarudi kwenye ule msemo wa msumeno, nikaona kuna kitu tunakisahau tukiusema. Msumeno hukata mbele na nyuma, ndiyo, lakini msumeno una mpini, na mpini una mtu. Wazee hawakutuambia kwamba msumeno unajisukuma.

Kwa hivyo jibu langu kwa katibu halikuwa kumkatalia ukali wake. Alikuwa na haki ya kuutaka. Nilichomwambia ni kwamba nitaandika saa kumi na mbili iwe saa kumi na mbili, faini ijiandike yenyewe bila kumwangalia mtu usoni, ila nitaweka mpini. Mahali pamoja kwenye programu ambapo mtu mwenye jina anaweza kusema: faini hii naiondoa. Ile nukta ya penseli, lakini kwa wino.

Katibu akakubali haraka, halafu akaongeza sharti lake. "Basi na sababu iandikwe. Kila mtu aione. Hapo hakutakuwa na mchezo."

Nilidhani mweka hazina angefurahi, kwa kuwa nukta ilikuwa yake. Akavua miwani. "Hapana," akasema. "Kuna mama mmoja humo, nukta yake naijua mimi na Mungu. Nikiandika sababu yake watu 32 wasome, sitakuwa nimemsamehe. Nitakuwa nimemuuza."

Tukakaa kimya pale kwenye magunia. Hakuna kitabu cha kompyuta kilichokuwa kimenitayarisha kwa sentensi hiyo, na bado ilikuwa ni swali la kompyuta, kwa sababu ilibidi niamue kama kutakuwa na kisanduku cha kujaza sababu au la.

Nilipokuwa nikiliwaza nikagundua kwamba tumekuwa tukiuliza maelezo kwa mtu asiyestahili. Kila mara, ofisini, benki, shuleni, anayeomba huruma ndiye anayetakiwa ajieleze. Alete barua ya daktari. Alete nakala ya cheti cha kifo cha baba yake. Asimulie msiba wake mbele ya foleni ili karani aridhike. Anayesamehe hahojiwi, yeye hupiga muhuri tu. Lakini hofu ya katibu haikuwa juu ya waliosamehewa. Ilikuwa juu ya wanaosamehe. Ni mamlaka yao ndiyo yaliyotumika vibaya. Basi mzigo wa kuonekana uwe wao.

Hivyo ndivyo tulivyoipanga, na akina mama wakaipigia kura. Faini ikiondolewa, wanachama wote wanaona ni ya nani na nani ameiondoa, na tarehe. Sababu haiandikwi popote. Mwisho wa mwezi programu inasoma kwa sauti kubwa, kwa njia yake: mweka hazina ameondoa faini kadhaa, mwenyekiti ameondoa kadhaa. Hakuna anayeweza kuondoa faini yake mwenyewe. Anayetaka kuuliza, anamuuliza aliyesamehe, na aliyesamehe anaweza kujibu, "Niliamua mimi," na chama kitaamua kama jibu hilo kinalimeza. Kuhusu wifi ya mwenyekiti sikuandika kitu. Programu haijui wifi ni nani. Soko zima linajua.

Sheria zetu, kwa kweli, zina wazo kama hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, isipokuwa kwa masharti fulani. Ni kifungu kizuri. Lakini nadhani walioitunga walikuwa wakiwaza benki na kampuni kubwa, na hakuna mkaguzi atakayekuja sokoni kuangalia chama cha akina mama 32. Kwa kazi kama zangu, kifungu cha 35 ni mimi.

Siwezi kukudanganya kwamba hili halina gharama. Mpini unachukua muda kuutengeneza, karibu sawa na sheria yenyewe. Lazima ujue ni nani ameingia, ana ruhusa gani, umweke kumbukumbu isiyofutika. Mteja anayenilipa kwa kazi nzima halipii siku hiyo ya ziada, kwa sababu hakuiomba. Aliomba faini. Kuna mwezi ambao siku ya ziada ni kodi ya nyumba.

Na mpini si dawa ya kila kitu. Mtu mbaya anaweza kuushika. Mwenyekiti anaweza kuendelea kumwondolea wifi yake mchana kweupe, na akina mama wakaogopa kusema. Programu yangu haiwezi kuwapa ujasiri. Lakini kuna tofauti moja ambayo kwangu inatosha kunifanya niendelee: mwenyekiti anaweza kupigiwa kura akatoka. Mstari wa programu haupigiwi kura. Kati ya mtu mbaya anayeonekana na kanuni nzuri isiyo na mtu, mimi nitawapa watu yule wanayeweza kumwondoa.

Siku hizi kila mteja mpya namuuliza swali moja kabla ya bei: "Nani ataruhusiwa kusamehe, na ataonekana?" Wengine hucheka. Wengine hujibu vizuri kuliko nilivyotarajia, mwalimu mmoja wa chekechea alinijibu kabla sijamaliza kuuliza, "Mimi, na jina langu liwe hapo."

Mwenye nyumba mmoja, ana vyumba 40 vya kupangisha, hakupenda swali langu. Alitaka programu ya kodi: tarehe 5 ikipita hujalipa, tarehe 6 huwezi kununua tokeni za stima ya chumba chako. Nikamuuliza kama kuna mtu atakayeweza kuirudisha kabla kodi haijalipwa. Akasema hakuna, mambo ya kusikiliza hadithi za watu amechoka nayo. Nikamuuliza kuhusu mpangaji aliyeweka insulini kwenye friji. Akasema hayo ni yake mpangaji.

Nikamwambia basi tufanye hivi, mzee: ujumbe utakaokwenda kwa mpangaji stima ikizimwa uanze na jina lako. "Mimi fulani nimekuzimia stima." Kazi yote nyingine itabaki ulivyotaka.

Akaniangalia kwa muda. "Kwani unataka watu wanichukie? Andika tu mfumo umezima."

Tuliachana kwa heshima, na kazi hiyo sikuichukua. Najua atapata mtu wa kumwandikia. Ni kazi ya siku tatu. Kwa hivyo ikitokea siku moja umekaa gizani, simu ikalia, ukasoma kwamba mfumo umezima, usiishie hapo. Uliza ni nani.